Bobby Bonilla haokoti hela, analipwa deni lake

Kila ifikapo Julai 1, kurasa za michezo ambazo mwaka mzima zinaishi kwa Simba na Yanga humkumbuka ghafla Bobby Bonilla, mchezaji wa besiboli wa Marekani ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona akishika gongo. Picha ni ileile na maelezo ni yaleyale: huyu jamaa alistaafu 2001, lakini timu yake ya zamani, New York Mets, inamlipa zaidi ya dola milioni moja kila mwaka hadi 2035, na hagusi mpira. Chini yake maoni yanamiminika. Hela ya bure. Tapeli. Wamarekani wamepigwa. Mwaka huu nimesoma maoni hayo hadi nikakasirika, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kudai mshahara wake angeanza nalo: hiyo hela ilikuwa ya nani?

Ilikuwa yake. Yote. Na wanaomwita mwizi hawajakaa dakika tano kupiga hesabu.

Bonilla alizaliwa 1963 katika mtaa wa Bronx, New York, familia yake ikiwa na asili ya Puerto Rico. Pittsburgh Pirates walimchukua 1981, kijana ambaye hakuna timu iliyokuwa imemchagua kwenye droo ya kila mwaka ya wachezaji chipukizi. Mwaka 1985 alivunjika mguu mazoezini, wakamwacha bila kumlinda dhidi ya timu nyingine, Chicago White Sox wakambeba, kisha Pirates wenyewe wakamrudisha mwaka uliofuata. Akiwa na nyota mwenzake Barry Bonds aliipeleka Pirates kileleni mwa kundi lao 1990 na 1991. Aliitwa mara sita kwenye mechi ya nyota, ile ya wachezaji bora wa msimu. Alipiga mipira 287 nje ya uwanja, pigo linalothaminiwa kuliko yote katika besiboli, katika maisha yake ya uchezaji, na 1997 akatwaa ubingwa na Florida Marlins. Mets walipomsajili Desemba 1991 kwa dola milioni 29 kwa miaka mitano, hakuna mchezaji wa besiboli wa wakati huo aliyekuwa na mkataba mnono kuliko wake. Hakupewa kwa upendeleo.

Nakubali kwamba New York hakung'ara kama alivyotarajiwa. Alizomewa kiasi kwamba msimu wa kwanza alicheza akiwa ameziba masikio. Aligombana na waandishi, timu ikaporomoka, akauzwa. Aliporudi Mets 1999 alikuwa amechoka kabisa: mechi 60, na katika kila mara mia alizopiga, alifanikiwa mara 16 tu. Yeye na kocha walikuwa hawapatani. Mets walitaka aondoke, na kwa kiwango kile siwalaumu.

Lakini mkataba wake wa wakati huo ulikuwa umebakiza mwaka mmoja wenye thamani ya dola milioni 5.9, na katika besiboli ya Marekani mkataba ni mkataba. Ukimwacha mchezaji, unamlipa. Hapo ndipo wakala wake, Dennis Gilbert, mtu aliyefanya kazi ya bima na kuielewa biashara ya malipo ya muda mrefu, alipokaa na timu wakakubaliana Januari 2000: msimlipe sasa hivi. Kaeni na hela. Mtaanza kumlipa Julai 1, 2011, kwa mafungu 25, na deni litabeba riba ya asilimia 8 kwa mwaka.

Sasa chukua simu yako ufungue kikokotoo. Weka milioni 5.9, zidisha kwa 1.08. Rudia mara kumi na moja, maana ndiyo miaka aliyosubiri. Utapata karibu milioni 13.8. Hicho ndicho kilichokuwa chake siku malipo yalipoanza. Kutoka kwenye fungu hilo toa dola 1,193,248.20, ambazo ndizo anazolipwa kila Julai 1, kinachobaki kiongezee asilimia 8, toa tena, ongeza tena. Ukitoa fungu la 25, mwaka 2035, kinabaki sifuri. Hakuna zawadi humo ndani, wala senti iliyochomekwa gizani. Ni ile ile milioni 5.9 iliyokaa miaka mingi mikononi mwa mtu mwingine.

Utaniambia asilimia 8 ni nyingi. Leo inaonekana nyingi, kwa sababu baada ya hapo Marekani ilipita miaka mingi ya riba karibu na sifuri. Januari 2000 benki za huko zilikuwa zikiwatoza wateja wao bora, makampuni makubwa yasiyo na shaka, asilimia 8.5. Kwa hiyo Mets walikopa kwa Bonilla kwa bei nafuu kuliko ambayo benki ingewapa. Hebu lisome tena hilo. Mchezaji aliyeitwa mnyonyaji aliikopesha timu chini ya bei ya benki, akakaa miaka kumi na moja bila kuona hata dola moja ya deni hilo.

Na kwa nini timu ilikubali? Kwa sababu familia ya Wilpon, waliokuwa miongoni mwa wamiliki, walikuwa na hela nyingi kwa Bernard Madoff, aliyejitangaza kuwa mwekezaji wa hela za watu, na mahesabu aliyowapa yalionyesha faida inayozidi asilimia 8. Kwa akili zao, kila dola ambayo hawakumlipa Bonilla ilikuwa inazaa zaidi ya watakachomlipa. Desemba 2008 dunia ikajua kwamba Madoff hakuwa na uwekezaji wowote, alikuwa anachukua hela za wapya na kuwapa wa zamani. Mwaka 2012 akina Wilpon walikubali kulipa dola milioni 162 kumaliza kesi iliyotokana na uozo huo. Niambieni kosa la Bonilla liko wapi hapo. Yeye alidai riba ya kawaida, kwa maandishi. Aliyekimbilia faida isiyoelezeka ni tajiri mwenye timu, na bado picha inayosambazwa kila mwaka ni ya mchezaji.

Uwanjani nako Mets hawakuumia. Msimu huo wa 2000, bila mshahara wa Bonilla kwenye vitabu, walikuwa na mrushaji mipira Mike Hampton kikosini na wakafika fainali ya ubingwa, ambako walifungwa na Yankees. Hampton alipoondoka, walipewa kama fidia nafasi ya ziada ya kuchagua kijana kwenye droo, na 2001 wakamchagua David Wright, ambaye alikuja kuwa nahodha na hakuchezea timu nyingine hadi anastaafu.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu, kiinua mgongo chake kiliingia benki chote kwa mkupuo, na kabla wiki haijaisha ukumbi wake ulikuwa umejaa ndugu. Kila mmoja alikuwa na shida ya kweli, siwezi kusema walidanganya: huyu ada, huyu matibabu, huyu bati za kumalizia nyumba. Kilichobaki alinunulia Hiace. Dereva alikuwa anamletea hesabu ya siku mezani kila jioni, noti zilizokunjwakunjwa, mwanzoni zimekamilika, baadaye pungufu, mwishoni anakuja na risiti ya spea na mikono mitupu. Gari liliishia juu ya mawe uani. Mjomba hakuwa mjinga. Alipewa maisha yake yote siku moja na akaambiwa ajue mwenyewe. Ndiyo maana nikimwona mtu aliyefunga mlango ili hela zije kidogo kidogo hadi afike miaka 72, simcheki. Namvulia kofia.

Wanamichezo matajiri nao hawapewi kinga na utajiri wao. Mwaka 1992, Bonilla alipokuwa anaanza na Mets, Jack Clark wa Boston Red Sox aliomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika, na kwenye orodha ya mali zake kulikuwa na magari 18. Curt Schilling, mrushaji hodari wa mipira, alifungua kampuni ya michezo ya kompyuta, ikafa 2012, na kwa maneno yake mwenyewe alizamisha humo dola milioni 50. Hapa kwetu sote tumeona michango ya matibabu ikipitishwa kwenye magrupu kwa ajili ya watu ambao zamani uwanja mzima uliimba majina yao. Kinachoniuma ni kwamba wakati huo hatuandiki "tapeli". Tunaandika pole, tunatuma elfu mbili, tunasonga. Kumbe mchezaji tunamhurumia akiishiwa na kumtukana akijipanga!

Wapo watakaosema riba ni haramu, na hao nawaheshimu, wana msimamo wao nao haumhusu Bonilla peke yake. Wapo watakaosema dola milioni moja kwa mwaka ni nyingi mno kwa mtu mmoja huku wafagiaji wa uwanja wakihesabu senti. Ni kweli, na hoja hiyo ielekezwe kwa mfumo mzima, tuanze na wenye timu. Wapo pia watakaonikumbusha kwamba ana malipo mengine ya dola 500,000 kwa mwaka yaliyoanza 2004. Nayo yanatokana na mshahara uliocheleweshwa. Sioni tofauti.

Halafu nenda Los Angeles. Desemba 2023 mchezaji wa besiboli Shohei Ohtani alisaini na timu ya Dodgers kwa dola milioni 700 kwa miaka kumi, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa baadaye, kuanzia 2034 hadi 2043, umri wa kucheza ukiwa umeshampita. Dunia ilimpigia makofi, ikasema ni mtu wa timu, ameacha nafasi ya kusajili wenzake. Nami namsifu. Lakini Bonilla alifanya jambo hilo hilo karibu miaka 24 kabla yake, kwa hela ambayo haifiki hata asilimia moja ya ile ya Ohtani, aliiachia timu nafasi ile ile, na timu ikafika fainali mwaka huo huo. Tofauti kubwa ni kwamba Ohtani hakudai riba, kwa hiyo thamani ya hela yake itapungua kila mwaka anaosubiri, na Bonilla aliidai. Kijana wa Bronx aliyekataliwa kwenye droo alikuwa na haki ya kuidai, na wakala wake alikuwa na wajibu wa kumpatia.