Sauti mbili, mwito mmoja

Ukishuka feri upande wa Likoni jioni, kabla hujafika kwenye matatu, makanga wameshakuzunguka. Wote wanaita Ukunda, wote wanaapa kimebaki kiti kimoja. Ukiingia kwa pupa utakuta baadhi ya waliokaa si abiria, ni vijana wa steji waliowekwa ili gari lionekane limejaa. Nimepita pale miaka mingi nikitoka kuuza mitumba Kongowea, na ni pale nilipoielewa sura ya 9 ya kitabu cha Mithali katika Biblia.

Sura hiyo ina wanawake wawili. Hekima amejenga nyumba, amechonga nguzo saba, amechinja, ameandaa meza, ndipo akatuma wajakazi wake waalike. Mpumbavu ameketi tu mlangoni pake akiwaita wapita njia. Sasa soma mstari wa 4, kisha usome wa 16. Maneno ni yale yale: "Kila aliye mjinga, na aingie humu." Na wote wawili wanaita kutoka mahali pa juu mjini. Kwa sikio peke yake huwezi kuwatenga. Tofauti iko ndani: mmoja amepika, mwenzake ana maji ya wizi na mkate wa kuliwa kwa siri.

Hilo neno siri linaniuma, maana mkate huo nimeula.

Alikuja mhubiri mgeni kwenye mkesha wetu. Akasema atakayetuma mbegu, yaani sadaka ya pesa, kabla ya saa sita usiku atafunguliwa mlango mwaka huo huo. Akaongeza kwamba tusimwambie mtu, kwa sababu shaka ya mwenzako itaharibu baraka yako. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 18,000, karo ya muhula ya binti yetu. Nilitoka nje kidogo, nikasimama gizani karibu na matangi ya maji, nikatuma. Mkono ulitetemeka. Nikadhani ni Roho.

Wiki ya tatu ya muhula binti alirudishwa nyumbani, na hapo ndipo baba watoto alipojua. Hakufoka. Alivaa viatu akaenda kukopa kwa kaka yake, na mpaka leo naikumbuka sauti ya mlango alipokuwa anaufunga polepole. Nilimwendea bibi mmoja mzee wa kanisani, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Mwanangu, kabla hujatuma ulimwuliza nani?" Nikasema nilimwomba Mungu. Akasema, "Mungu kakupa mume, akakupa na sisi. Ukaturuka wote?"

Sisemi tusitoe. Fungu la kumi natoa hadi leo, na nikiwa nacho cha ziada natoa kwa furaha. Ninachokikataa ni hii tabia iliyoingia makanisani mwetu ya kumwona anayeuliza kuwa mtu asiye na imani. Ukiuliza hesabu za ujenzi, una roho ya uasi. Ukiuliza neno hilo limeandikwa wapi, unamgusa mpakwa mafuta. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga, na Yakobo anasema zaidi: anayepungukiwa na hekima amwombe Mungu, ambaye huwapa wote kwa ukarimu, "wala hakemei". Kama Mungu mwenyewe hamkemei anayeuliza, mtumishi wake anapata wapi ruhusa ya kumkemea? Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha kila siku wakayachunguza maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo. Matendo ya Mitume inawasifu kwa hilo. Na aliyechunguzwa ni Paulo!

Mwaka 2023, hapo jirani zetu Kilifi, katika msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakamwone Yesu. Watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Sokoni nilisikia watu wakisema wale walikuwa wajinga tu. Sikuweza kuitikia. Mimi nilituma karo gizani kwa sababu mtu mmoja alinikataza kuuliza. Barabara ilikuwa ile ile, ila mimi nilishukia kituo cha karibu. "Mjinga huamini kila neno, bali mwenye busara huangalia sana aendavyo." Huo ni Mithali 14:15, na sasa nauandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari langu la hesabu.

Mwezi uliopita mwenzangu wa kwaya aliniletea fomu ya mkopo wa sacco, anataka nimdhamini. Alisema ni sahihi tu, na ofisi inafunga saa kumi. Nampenda sana. Lakini Mithali 6 inaizungumzia dhamana kama mtego wa mwindaji, na ile haraka ya saa kumi niliitambua. Nikamwambia, "Dada, nipe siku mbili nizungumze na baba watoto, na uniletee karatasi za mikopo uliyo nayo tuzisome pamoja." Hakuzileta. Jumapili akahamia mwisho wa safu ya sauti ya pili.

Jumatatu nilimpelekea unga na lita moja ya mafuta, kwa kuwa najua nyumbani kwake kunabana. Alipokea mlangoni, akashukuru, hakunikaribisha ndani. Nitarudi tena wiki hii, na yale maswali bado ninayo.