Sauti iliyosema "usipande": ushuhuda unathibitisha nini, na kwa nani?

Ukikesha Ijumaa kwenye makanisa ya Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, ushuhuda huu utausikia kwa sura moja au nyingine. Mama ameshakata tiketi ya Dar, viazi vyake viko kwenye buti, mara sauti inamwambia: usipande. Anashuka, kondakta anamfokea, nauli hairudi. Jioni habari zinafika kwamba basi limepinduka Kitonga. Kanisa zima vigelegele.

Sidhani mama huyu anadanganya. La kujiuliza ni kama yaliyompata yanampa haki ya kuamini kwamba Mungu yupo, na kama haki hiyo ni yake peke yake au hata sisi tuliokaa kwenye benchi tunaipata.

Wa kumtetea wapo, tena wazito. Mwaka 1979 Richard Swinburne, mwanafalsafa wa Uingereza, alijenga hoja kwamba jambo likikuonekea kuwa hivi, basi yaelekea ndivyo lilivyo, mpaka ipatikane sababu ya kulitilia shaka. Ukiikataa kanuni hiyo huna pa kusimama, maana hakuna anayeweza kuyapima macho yake bila kuyatumia macho hayohayo. William Alston wa Marekani, mwaka 1991, aliongeza kwamba kumtambua Mungu nako kuna taratibu zake za kukaguana. Hili wasioamini hulipuuza. Hata huku kwetu mchungaji makini hampi maiki kila aliyeota ndoto. Huulizia mwenendo wake kwanza, na Waraka wa Kwanza wa Yohana wenyewe unaagiza roho zijaribiwe. Na wanaosema "ni ubongo tu huo" wana haraka. Ubongo hufanya kazi pia unapoutazama Mlima Rungwe, na mlima upo.

Ila Rungwe huonwa na Mmoraviani, Muislamu na asiye na dini, na wote huelekeza kidole upande mmoja. Aliyeswali istikhara, sala ya Kiislamu ya kuomba mwongozo, na aliyenena kwa lugha kila mmoja huamka na uhakika wake, lakini waulize Yesu ni nani uone. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba miujiza ya dini zinazopingana hubatilishana. Nadhani alizidisha, kwa sababu mashahidi hao bado wanakubaliana kwamba yupo anayesikia maombi.

Mimi hoja inayonitatiza zaidi ni ya hesabu. Nani atasimama madhabahuni aseme: nilisikia sauti ikinizuia, nikashuka, basi likafika stendi ya Mbezi, Dar, salama na nauli yangu ikapotea? Watu hao lazima wapo, ila hawashuhudii. Na waliobaki ndani ya basi, ambao nao waliomba kabla ya safari, wengine hawatashuhudia tena.

Nyanda za juu kusini zina historia chungu ya ushuhuda uliopimwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, upande wa Rufiji, mganga wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, alisema amepagawa na roho Hongo na kupewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Habari ikapita mdomo hadi mdomo hadi kwa Wabena, ambao Septemba 1905 walikivamia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe. Risasi zilibaki risasi. Kweli watu hawakupigana kwa sababu ya dawa tu: kulikuwa na kodi, kazi za kulazimishwa na mashamba ya pamba. Lakini uhakika wa Kinjikitile, kama ulikuwa wa dhati, haukuwa mdogo kuliko wa mama wa stendi, na waliokuja kupigana Njombe walikuwa wanaamini neno la mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona.

Kwa hiyo nazitenganisha shuhuda hizi. Anayesema "Mungu alinipa amani msibani" hatoi ahadi inayoweza kupimwa. Hawezi kuumbuka, na kwa sababu hiyohiyo hawezi kunidai nimwamini. Anayesema "Bwana amenionyesha dawa", au "kiwanja chako kina laana, kiuze", amejiweka kwenye mizani, na tuna haki ya kupima kabla ya kunywa au kuuza. Mwanafalsafa wa Marekani William James aliandika mwaka 1902 kwamba mang'amuzi ya aina hii yana mamlaka kwa aliyeyapata, na hayamlazimishi mwingine. Nakubaliana naye nusu. Hata mwenyewe aliyeyapata bado anapaswa kujiuliza ni mara ngapi amewahi kusikia sauti na hakikutokea kitu.

Kuna na yule kijana anayefunga na kukesha kama wenzake, kisha kila Jumamosi alfajiri anatoka na usingizi tu. Michael Martin, mwanafalsafa wa Marekani asiyeamini, aliuliza: kama kumwona Mungu ni ushahidi, kwa nini kumkosa kusihesabiwe? Swinburne alijibu kwamba kukosa kuna uzito pale tu tunapojua ni katika mazingira gani mtu alipaswa kuona. Jibu hilo ni zuri chuoni. Wahubiri wetu, hata hivyo, wameyataja mazingira hayo wenyewe, kila wiki, kwa maiki: funga, tubu, kesha, utamsikia. Wakishayataja, kijana ana haki ya kuuliza kimya chake kihesabiwe wapi, na kumwambia kwamba imani yake ni haba, bila kumkagua kama anavyokaguliwa mwenye ushuhuda, si kumjibu.