Mbuzi Imepatikana?

Mama mkwe alitua Bangkok na begi moja tu, na ndani yake mlikuwa na kanga sita, mwiko na kifumbu. Njia nzima ya basi hadi Hua Hin alinihoji habari ya wali.

"Mkwe, huko kwenu tui mnapata wapi?"

Nikasema kweli: la boksi. Akageukia dirishani na hakunena tena mpaka tuliposhuka. Aliyewahi kununiwa na mama mkwe anajua kwamba hapo kesi imesikilizwa, hukumu imetoka, na rufaa hakuna.

Tuko Hua Hin mwaka wa tatu sasa. Mke wangu anafundisha hisabati, mimi nafanya kazi za tafsiri nyumbani na kupika. Ndiyo, napika, na hilo nalo mama mkwe alikuwa hajalimeza vizuri. Asubuhi nikajaribu kujitetea: mkoa huu umejaa minazi, na sokoni nazi inakunwa kwa mashine mbele ya macho yako, tui linakamuliwa unaliona.

"Mashine haina mkono," akasema. "Nitafutie mbuzi. Yangu ingekuja, ila begi lilizidi uzito."

Sasa, Kithai changu ni cha kuulizia bei na kuomba wasitie pilipili, na hilo la pilipili hawalisikii. Lugha yenyewe ina mitego. "Karibu" na "mbali" yote ni *klai*, tofauti ni sauti inavyopanda na kushuka, kwa hiyo mtu akinielekeza njia mimi huitikia kwa kichwa halafu naenda tu. Lakini simu ninayo. Nikafika soko la Chatchai, nikasimama mbele ya mama mmoja muuza nazi na mboga, nikaandika kwa Kiswahili sanifu kabisa: mbuzi ya kukunia nazi. Simu ikafikiri kidogo, ikatamka kwa sauti ya binti mwenye adabu. Nilichokamata ni *phae* na *maphrao*.

Mama akaniangalia. Akaangalia nazi. Akaniangalia tena.

"Phae?"

"Phae, khrap!" nikajibu, kifua mbele.

Nikaona nimsaidie kwa vitendo. Nikachuchumaa, nikapanua miguu kama niliyempanda mtu mgongoni, nikaanza kuzungusha mikono mbele yangu mbiombio. Muuza samaki wa pembeni akaweka kisu chini. Wakajadiliana. Akanionyesha vidole: wangapi? Kimoja. Mkubwa au mdogo? Wa kadiri, nyumbani tuko wanne. Akapiga simu mahali, akanipa karatasi niandike anwani. Nikasema moyoni, tazama nchi za watu, mbuzi ya nazi wanakuletea hadi mlangoni.

Alasiri nikasikia pikipiki, ile yenye kigari ubavuni. Dereva mzee wa makamo, kofia nyeupe kichwani. Kwenye kigari, amefungwa kamba ya manila, beberu mweusi mwenye ndevu, anatafuna kitu na kunitazama kama mimi ndiye niliyechelewa.

Hua Hin maana yake ni kichwa cha jiwe. Siku ile nilistahili uraia.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kueleza kwamba pametokea kosa, mama mkwe akatoka nje. Akaona mbuzi. Akaona kofia ya mzee.

"Assalamu alaykum!"

"Wa alaykumu ssalam!" mzee akaitikia, uso wote umechanua.

Basi wakawa ndugu. Halafu mama mkwe akapiga vigelegele vilivyotoa mbwa wote wa mtaa mafichoni. "Mkwe wangu kaninunulia mbuzi! Sijamaliza hata siku mbili!" Kufumba na kufumbua yuko kwenye simu ya video na Tanga, anamwonyesha shangazi mmoja baada ya mwingine yule beberu, mbele na nyuma. "Mwanangu ameolewa na mwanamume kweli!"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilitoa baht 3,500 nikalipa, natabasamu.

Mara ujumbe wa mke wangu ukaingia kutoka shuleni: *Mbuzi imepatikana?*

Nikajibu: *Amepatikana.*

*IMEpatikana. Ndiyo kazi unayolipwa hiyo, na ngeli zinakupotea?*

Nikamtumia picha.

Hakujibu hadi aliporudi. Aliporudi alikaa garini kwanza, kichwa juu ya usukani, mabega yanatikisika.

Binti yetu wa miaka saba, ambaye Kithai kinamtoka kama maji, ndiye aliyemweleza jirani aliyekuja kuuliza vigelegele vya nini. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaenda kwake, akarudi amebeba kigoda cha mbao, mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi ile ile! Kama ya bibi yangu Pangani, imekosa tu harufu ya moshi.

"Wao wanaiita *kratai*," binti akasema. "Maana yake sungura."

"Sungura?" mama mkwe akashangaa. "Sungura na nazi wapi na wapi?" Na mwanamke huyu amekaa juu ya mbuzi miaka hamsini bila kuuliza.

Usiku ule beberu alikula maua ya mwenye nyumba na shati moja la kazini la mke wangu. Asubuhi mzee akaja kumchinja, nyama ikagawiwa mtaa mzima, na mama mkwe akapanda sungura wake, akakuna nazi tatu bila kupumzika, akakamua kwa kifumbu tui zito kama maziwa ya mgando. Nilipoonja ule wali niliona haya kwa maboksi yote niliyowahi kufungua.

Ila sasa akataka na yeye sungura wa kurudi naye Tanga. Safari hii simu niliiacha nyumbani, nikaenda Chatchai na picha niliyoichora kwa kalamu. Yule mama akaitazama, akampigia kelele muuza samaki, soko likaangua kicheko.

Wathai hupeana majina ya utani tangu utotoni: huyu Nguruwe, yule Ndege, muuza samaki mwenyewe anaitwa Kamba. Mimi nilikuwa sina. Sasa nikiingia tu pale mlangoni, nasikia kutoka meza za mboga hadi za samaki: "Phae! Phae!"

Nami naitika.