Saa 6,000 nizitoe wapi?

Jamani, nyie wenzangu mnaosaka leseni ya upelelezi binafsi hapa California, mnapumua kweli? Saa 6,000 za kazi ya uchunguzi! Tena za kulipwa, za kujitolea hazihesabiwi. Miaka mitatu mizima! Mwenye shahada ya sheria anapunguziwa hadi 4,000. Haya, sisi wengine je? Kila mlango ninaobisha: "Una uzoefu?" Uzoefu niuokote barabarani?

Nikampata mpelelezi mmoja akanichukua kazini. Nimekesha garini, kamera mapajani, chai imepoa, mguu umekufa ganzi, macho kwenye mlango mmoja tu. Leo namwomba anisainie saa zangu, ananiambia "njoo Jumatatu". Jumatatu ya ngapi hii, ndugu zangu? Ya tisa! Na mtihani bado unanisubiri.