Aanzie Ustawi wa Jamii
Huyu kijana wa bodaboda mliyemwandika, anayenyimwa kumwona mwanawe kwa kuwa hakumuoa mama na hana hela ya wakili: kaka, anza na ofisi ya Ustawi wa Jamii wilayani kwako. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamruhusu mzazi kuomba mahakamani kumtembelea mtoto, na wakili si lazima. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watakuelekeza bure. Mimi niliyapitia. Mama mtoto alikataa wito wa Ustawi mara mbili, wa tatu akaja na shangazi yake (kumbe huyo ndiye alikuwa tatizo!). Tukaandikishana Jumamosi mbili kwa mwezi. Ila hela ya matunzo tuma kwa simu, na usifute meseji hata moja.