Namba Kumi na Nne ni Nani?

Nimeamka nimekuta magrupu matatu yananicheka, na moja sijui hata niliingizwa lini. Fundi keshamwaga mchuzi. Toleo lake ni fupi: eti mweka hazina wa kamati ya harusi kaandika matusi, kayapigia kopi 35, kawagawia wakwe kwa mikono miwili. Si matusi. Yalikuwa maoni. Kwa kuwa nawajua, ikifika jioni itakuwa nilitoka kikaoni kwa pingu, basi bora mlisikie kwangu.

Laptopu yangu mnaijua. Ile ya Kariakoo, nikifungua vitu viwili feni inanguruma kama bodaboda inayopanda mlima na abiria wawili. Fundi ndiye aliyeniwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ikafufuka, na hilo namshukuru hata leo ambapo simpendi. Mwezi uliopita macho yakawa yananiuma usiku, nikageuza thimu, yaani vazi la kioo, ikawa nyeusi. Raha tupu, mpaka nilipoanza kufungua programu. Ya mafaili nyeusi tii. Ya muziki kijivu. Ya barua pepe imegoma, nyeupe pee, inanimulika saa sita usiku kama lori la mchanga. Hii vitufe vyake mviringo, ile pembe kali, nyingine alama ya kufungia iko kushoto.

Kamati yetu ilikubaliana sare ni bluu. Siku ya kuonyeshana vitenge mmoja akaja na bluu ya bahari, mwingine bluu ya sketi za shule, na shangazi akaja na zambarau, anaapa kwa marehemu bibi kwamba ile ni bluu. Basi laptopu yangu ilikuwa hivyo hivyo, harusi kila siku.

Nikampeleka Fundi chipsi mayai pale Mwenge nimuulize. Kosa. Ukimuuliza Fundi saa ngapi, anaanza na aliyevumbua saa. Akaniambia kuna mafundi cherehani wawili wakubwa, yaani makundi yanayoishonea Linux muonekano wake. KDE walianza mwaka 1996, wakashona kwa Qt, cherehani ya kutengenezea madirisha na vitufe. GNOME wakaja 1997, kwa sababu leseni ya Qt wakati ule haikuwa huru vya kutosha, nao wakachukua GTK, cherehani nyingine, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya GIMP, programu ya kuchezea picha. Cherehani mbili, mikasi miwili, na tangu hapo kila programu inavaa alikoshonewa. Mwaka 2002 Red Hat, kampuni inayosambaza Linux, waliwahi kushona sare moja ya kuwavika wote wawili, wakaiita Bluecurve. Lakini 2019 baadhi ya watengenezaji wa programu za upande wa GNOME wakaandika barua ya wazi kuwaomba wasambazaji wa Linux: tafadhali acheni kutuvalisha programu zetu. Maana msambazaji anabadilisha thimu, maandishi yanapotea, halafu mtumiaji anakuja kumlalamikia aliyeandika programu, ambaye hajagusa kitu.

Nikamuuliza, "Sasa nani anatakiwa kurekebisha?"

"Ni programu huria, mwanangu. Yeyote."

"Yeyote ni mjumbe wa kamati ndogo gani?"

Akacheka, akamalizia chipsi zangu. Mimi nikaondoka na jibu hilo moyoni: yeyote. Yaani hata mimi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na nyie mnaosema nimejitakia, ngojeni kwanza.

Orodha ya michango niliirithi kwa mweka hazina wa kwanza, aliyehamishiwa Dodoma. Bwana yule majina yote aliyatia rangi nyeusi kwa makusudi, moja moja. Namba tu za kushoto ndizo aliziacha rangi ya kujiamulia, ile inayojigeuza kufuata ukurasa. Nikaifungua kwenye thimu yangu mpya: ukurasa mweusi, namba zimejigeuza nyeupe, majina hayapo. Nyeusi juu ya nyeusi. Yeyote akaingia kazini. Nikachagua kuanzia safu ya majina mpaka ya fedha, nikabonyeza rangi nyeupe. Majina yakawaka kama nyota za Kigamboni umeme ukikatika. Nilijipongeza kwa soda.

Sasa kulikuwa na safu ya tano.

Safu ya tano ilikuwa ya kwangu. Miezi miwili, kabla ya hii thimu, kila nilipompigia mtu kumkumbusha ahadi nilikuwa naandika kitu pembeni, kupunguza hasira. Nayo ilirithi rangi nyeusi. Kwenye giza langu jipya sikuiona wiki tatu, na kitu usichokiona wiki tatu kwako kimekufa.

Na ule weusi wa ukurasa, ndugu zangu, unaishia kwenye kioo. Printa haina habari nao. Karatasi ni nyeupe. Waliosoma hesabu wameshafika. Wengine twendeni taratibu.

Jana Jumapili nikatuma PDF steshenari bila kuifungua. Kijana akatoa kopi ya kwanza, akaiangalia, akaniangalia. "Braza, ndivyo zilivyo?" Nilikuwa kwenye simu nabishana na mtu wa mapambo. Nikamwonyesha kidole: piga pini, twende. Akatabasamu. Nikadhani ni huduma kwa wateja.

Saa kumi jioni, bustani ya baa moja Sinza, viti vya plastiki vimepangwa duara. Jana ndiyo mara ya kwanza wakwe wanahudhuria. Baba mkwe kavaa kofia, kanyooka kama nguzo. Nikagawa mwenyewe. Shikamoo mzee, marahaba kijana. Shikamoo mama, marahaba baba. Nikarudi mbele ya laptopu, nikakohoa kidogo, nikasema maneno haya, na Fundi katika hili hajaongeza hata herufi: "Ndugu wajumbe, kama mnavyoona, kila kitu kiko wazi."

Kimya.

Nikasikia kuku anakaangwa jikoni. Mama mkubwa akageuza karatasi nyuma, akairudisha mbele, akainyanyua juani kama anakagua noti. Mjomba akasogeza yake mbali na macho, halafu karibu, halafu mbali. Mwenyekiti akatoa miwani mfukoni. Akaifuta. Akaivaa. Mwenyekiti wetu ana ugonjwa mmoja: hawezi kusoma kimyakimya.

"Namba tatu," akasoma. "Anaahidi kama mgombea."

Nikatazama kioo changu. Majina yanang'aa. Nikatazama karatasi ya jirani. Mistari, namba, patupu, patupu, halafu mwishoni kabisa, wino mweusi uliokolea, mimi.

"Namba saba. Simu hapokei, status anaweka."

Kuna dada akaweka simu yake chini ya paja.

"Namba tisa. Asikae karibu na vinywaji."

Baba mkwe, ambaye hayumo kwenye orodha, hajawahi kuwemo, akaisogeza chupa yake polepole kwa kidole kimoja mpaka mbele ya jirani. Hiyo chupa ndiyo naiota.

Nilitaka kusema simameni. Mdomo ulifunguka, kikatoka kitu kama "aaa". Mwenyekiti akanyanyua kiganja, mjumbe subiri, akaendelea. "Namba kumi na moja. Kahudhuria vikao vyote, supu kanywa, mia hajatoa. Namba kumi na nne. Magari mawili, elfu ishirini."

Hapo akasimama. Akavua miwani.

"Namba kumi na nne ni nani?"

Watu 30 na kitu wakageuka kwa pamoja kuangalia maegesho. Majina hayapo, kwa hiyo kila mtu anahesabu magari ya mwenzake. Mjomba ndiye aliyevunjika wa kwanza, bila kuulizwa: "Mimi nina moja. Lile jingine ni la mama watoto."

"Mweka hazina," mwenyekiti akasema, "wewe unayo majina hapo. Tusomee."

Nikaangalia namba kumi na nne kwenye kioo. Nikamwangalia mwenyekiti. Nikaangalia tena kioo, labda nimeruka mstari. Sijaruka. Magari mawili yenyewe yalikuwa nyuma yake, moja kaja nalo yeye, moja kaja nalo mkewe.

Nikafunga laptopu. "Betri imekwisha, mzee."

"Mbona waya umechomekwa?" akauliza shangazi. Yule wa zambarau. Bluu haioni, waya anauona.

Mengine nayapitisha haraka. Mjomba alituma laki palepale kwa simu na hakuwa anadaiwa. Namba saba kajitoa kwenye grupu. Nimevuliwa uweka hazina, nimepelekwa kamati ndogo ya maji. Harusi iko palepale. Fundi anasema programu imefanya sawasawa, thimu imefanya sawasawa, aliyebonyeza nyeupe ni mimi; lakini eti kama nataka tuwapelekee watengenezaji ripoti ya hitilafu yuko tayari kuniandikia, nimtumie tu picha ya karatasi. Picha gani, Fundi, si unayo, umeituma magrupu matatu?

Asubuhi hii nimepata ujumbe wa mwenyekiti. "Kijana, yule namba 14 umeshamtambua? Asifichwe."

Nimemjibu kwamba bado naendelea kumtafuta.