Fosfatasi ya utumbo: mlinzi kweli, dawa bado

Anayepima ini katika maabara za Ngamiani, Tanga, hurudi na karatasi yenye mstari wa ALP. ALP ni kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho fosfatasi ya alkali, na wengi wanakijua kwa habari za ini na mifupa. (Kwa baadhi ya watu, hasa wa damu ya kundi O na B, hupanda baada ya mlo wa mafuta, aliyekula chipsi mayai kabla ya kipimo asishtuke haraka.) Kinachopanda hapo ni aina inayotengenezwa na utumbo mwembamba, na ndiyo yenye mabishano: wapo wanaosema hulinda utumbo na yafaa kutumiwa kama dawa.

Hoja ya wanaoisifu ni nzito. Bakteria wengi wa tumboni wana sumu kwenye ganda lao, LPS. Kimeng'enya huing'oa sumu hiyo vipande vyake vyenye fosforasi (fosfeti), ikapoteza makali na kinga ya mwili isichokozeke. Panya waliozaliwa bila kimeng'enya hiki huvimba utumbo mpana vibaya zaidi wanapopewa kemikali ya kuuchubua. Tena hunenepa upesi kwa chakula cha mafuta, maana kimeng'enya hichohicho hudhibiti mafuta yanayofyonzwa.

Kwa wanaopinga, liko swali linalonikaa kichwani: nani kaanza? Utumbo uliovimba huzalisha kimeng'enya kidogo, hivyo upungufu wake waweza kuwa matokeo ya ugonjwa tu. Kwa binadamu ushahidi ni haba. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 21 wa vidonda vya utumbo mpana, waliopewa kimeng'enya cha ndama kwa siku 7 kupitia mpira. Walielekea kupata nafuu, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Kwa waliodhurika figo kutokana na maambukizi makali mwilini, jaribio kubwa la kuwapa kimeng'enya kwa mshipa lilisimamishwa 2022: hakikupunguza vifo. Mtetezi atasema mshipa si utumbo, na hapo ana haki.

Tunapoachana ni kwenye zinki. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi bila zinki, basi husemwa vidonge anavyopewa mtoto anayeharisha pamoja na ORS (maji ya chumvi na sukari) vinafanya kazi kwa njia hiyo. Inavutia, lakini zinki ina shughuli nyingi mwilini. WHO na UNICEF walipoipendekeza 2004, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa wachanga chini ya miezi 6, ni kwa kuwa majaribio kwa watoto yalionyesha kuharisha kunakoma mapema zaidi. Anayetaka kutuuzia kidonge cha fosfatasi atuletee majaribio ya namna hiyo. Ya panya tumeshayasikia.